Chanda chema huvikwa pete, lakini pete kainunua nani?

Swali la msomaji: Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichangia msimbo kwenye mradi wa chanzo huria ulioanzishwa na kampuni moja. Nafanya kwa muda wangu, silipwi. Ukurasa wa mradi unasema uongozi hupatikana kwa mchango wa mtu, si kwa mwajiri wake. Watunzaji, yaani wenye haki ya kuingiza msimbo kwenye mradi, wako tisa, saba kati yao ni waajiriwa wa kampuni hiyo. Mara mbili pendekezo langu limefungwa kwa maelezo kwamba "tumeshakubaliana vingine", na sikuona hayo makubaliano yalifanyika wapi. Sasa kampuni inasema itaukabidhi mradi kwa wakfu, yaani shirika la kusimamia miradi ya aina hii, na wadhamini watapata viti kwenye bodi. Je, hiyo stahili ya mtu binafsi ina uzito wowote au ni pambo? Nibaki, nijitenge niendeleze nakala yangu mwenyewe, au niombe kiti?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hiyo saba kwa tisa, maana naona ndiyo iliyokukaa rohoni, na kwa maoni yangu tatizo haliko hapo. Kampuni inayolipa watu saba wakae na msimbo kutwa itakuwa na watu saba wanaoujua kuliko wengine. Hiyo si hila, ni hesabu ya saa. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, kwa miaka mingi imekuwa ikiandikwa kwa sehemu kubwa na watu walioko kazini, wa Intel, Red Hat, Google na wengine wengi, na Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wake, hulipwa na wakfu wa Linux Foundation. Anayedhani kwamba miradi mikubwa bado inaendeshwa na watu wa kujitolea wanaokesha usiku amechelewa habari. Kwa hiyo usihesabu mishahara. Uliza kiti ni cha nani.

Kipimo ninachokitumia nikiulizwa kuhusu mradi nisioujua ni hiki. Mchukue mtunzaji mmoja kati ya hao saba. Anaacha kazi Ijumaa, Jumatatu anaanza kwingine, pengine hata kwa mshindani. Jumatatu hiyohiyo anawasha kompyuta: bado anaweza kuunganisha msimbo kwenye tawi kuu? Kura yake bado inahesabiwa? Ikiwa ndiyo, na hakuna aliyelazimika kumwombea, kiti kilikuwa chake. Ikiwa hapana, au ikiwa jibu ni "itabidi tulijadili", basi kiti kilikuwa cha kampuni na yeye alikuwa mpangaji tu.

Nimewahi kuliona hili kwa karibu. Ulikuwa mradi wa ukubwa wa kati, nami nilikuwa mmoja wa watu wachache wa nje wenye haki ya kuunganisha msimbo. Mwenzetu mmoja, aliyeandika karibu moduli nzima ya kuhifadhi data, alihama kutoka kampuni iliyouanzisha mradi. Aliaga vizuri, akaandika kwamba ataendelea kuitunza moduli yake. Siku ya tatu alileta marekebisho ya mistari minne, hitilafu ndogo ya faili kufungwa mara mbili, na kitufe cha kuunganisha hakioni. Tukadhani tovuti ina matatizo. Tulipochimba tukakuta hakuna mtu aliyemwondoa. Kulikuwa na skripti iliyosoma orodha ya wafanyakazi wa kampuni kila usiku na kukilinganisha kikundi cha watunzaji na orodha hiyo. Sisi wa nje tulikuwa tumeandikwa kwa mkono kwenye faili la vighairi, majina manne. Yeye hakuwemo kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kuwemo.

Aliyeiandika skripti hakuwa na nia mbaya, alitaka kuwapunguzia kazi wasimamizi wa seva. Lakini kwa mistari isiyozidi thelathini alikuwa ameshaiandika upya katiba ya mradi: mtunzaji ni mfanyakazi, na wengine wote ni vighairi. Ukurasa wa mradi uliendelea kusema tunaongozwa kwa mchango wa mtu. Ilichukua wiki sita kumrudisha, na kufikia hapo alikuwa ameshachoka na sisi sote.

Ndiyo maana nikisoma waraka wa uongozi wa mradi naupita haraka, kisha natafuta mahali haki za kuandika kwenye hazina, yaani ghala la msimbo wa mradi, zinapotolewa na nani mwenye mkono juu yake.

Walioichukua stahili ya mtu kwa uzito kuliko wengi ni Apache Software Foundation, ulioundwa 1999. Kampuni haiwezi kuwa mwanachama pale. Mwanachama ni mtu, wanachama hao huchagua bodi ya wakurugenzi 9, na kampuni inayotoa fedha za udhamini hupata shukrani na nembo yake kwenye ukurasa wa wadhamini, lakini kiti haipati. Ukipewa haki ya kuandika kwenye hazina, umepewa wewe. Badili mwajiri mara tano, unahama nayo. Toleo jipya halitoki mpaka angalau watu 3 wenye kura rasmi kwenye kamati ya mradi waseme ndiyo, na wanaosema ndiyo wawazidi wanaokataa. Badiliko la msimbo linaweza kuzuiwa na mtu mmoja tu, ila ni lazima aeleze sababu ya kiufundi. "Wakubwa hawataki" si sababu. Na wana kanuni moja ambayo ningependa uikariri kwa ajili ya kisa chako: jambo ambalo halikupita kwenye orodha ya baruapepe ya mradi halikutokea.

Hata hivyo karatasi nzuri hailindi mtu peke yake. Mwaka 2016 bodi hiyohiyo ya Apache ilivutana waziwazi na kampuni ya DataStax, iliyokuwa imeajiri wengi wa waliokuwa wakiisukuma hifadhidata ya Cassandra, kuhusu nani hasa anauongoza mradi ule na jina lake linatumiwaje. Kanuni zilikuwepo siku zote. Kilichohitajika ni watu wa kuzisimamia hata pale ambapo aliyeguswa ndiye anayeleta msimbo mwingi.

Wengine wameamua kutojidanganya kwamba mtu humsahau anayemlipa mara tu anapoingia kwenye kikao cha mradi, na hao nawaheshimu zaidi. Guido van Rossum alipojiuzulu uongozi wa lugha ya programu ya Python Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja ndogo ya lugha ile, wanaprogramu wa msingi walijiwekea baraza la watu 5 wanaochaguliwa kwa kura, na sharti kwamba wasizidi 2 kutoka kwa mwajiri mmoja. Mwanabaraza akihamia kampuni ambayo tayari ina wawili, lazima mtu aachie kiti. Kubernetes, mradi wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, wana kamati ya 7, na hakuna mwajiri anayeruhusiwa kupita theluthi moja, yaani 2. Hapo pia, kampuni moja ikiinunua nyingine na idadi ikazidi, watu wanaondoka mpaka hesabu irudi sawa. Kwa maneno mengine, kiti ni cha mtu, lakini mwajiri anahesabiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hifadhidata ya PostgreSQL, kwa sababu hapo hata kanuni iliyoandikwa haikuwepo. Timu yao ya msingi ilikuwa na watu 5. Wawili walikuwa kampuni ya EDB, mmoja kampuni ya 2ndQuadrant, wawili kwingine. Mwaka 2020 EDB wakainunua 2ndQuadrant, na kwa saini za mkataba ambao mradi wenyewe haukuhusika nao kabisa, kampuni moja ikajikuta na 3 kati ya 5. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna aliyependekeza jambo baya. Timu ikatoa taarifa kwamba kwa muda mrefu wamekuwa na kanuni isiyoandikwa kuwa kampuni moja isizidi nusu, kwamba sasa imezidi, na kwamba wanatafuta watu wa kuongeza. Novemba mwaka huohuo wakaongeza wawili, Andres Freund na Jonathan Katz, ikawa 3 kati ya 7. Hakuna aliyevuliwa stahili yake, na hakuna kampuni iliyobaki na wingi wa kura. Ukitaka kujua kama mradi ni mzima, angalia unafanya nini siku ambayo hakuna mkosaji wa kumnyooshea kidole.

Nimemtaja Freund kwa makusudi, kwa sababu stahili ya mtu nayo ina uchafu wake na ningekuwa mwongo nikiufunika. Unakumbuka kisa cha xz? Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia kwenye maktaba hiyo ndogo ya kubana data mwaka 2021. Alileta marekebisho mazuri, alikuwa mpole, alijibu watu. Akaunti nyingine zikajitokeza kumsukuma mtunzaji wa awali, aliyekuwa amechoka, agawe mzigo. Jia Tan akapewa haki za utunzaji. Alifuata njia ileile tunayoisifu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe alipolishika akapanda mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliolenga kumwezesha mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu. Hakuwa na mwajiri anayejulikana, hakuwa na uso. Alikuwa na stahili tupu.

Aliyeugundua Machi 2024 ni huyohuyo Freund. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali, kwa ssh, kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kuipuuza nusu sekunde hiyo. Wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Microsoft. Tumshukuru nani, mtu au mwajiri? Mimi nawashukuru wote wawili: jicho lilikuwa lake, na mshahara ndio uliompa nafasi ya kukaa akiitafuta nusu sekunde.

Hapo ndipo penye kiini cha unachokiita pambo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na kwenye miradi hii chanda chako hupimwa kwa kazi inayoonekana. Kazi inayoonekana huliwa na saa. Wewe unaleta saa za usiku na za mwisho wa wiki. Mwenzio analeta saa arobaini za mchana, na vikao, na mtu wa kumuuliza aliyeketi meza ya pili. Mkipimwa kwa mizani moja ya uunganishaji wa msimbo, atakuzidi hata kama wewe ni fundi kuliko yeye. Hakuna aliyekudhulumu, ila ni nani aliyeamua yupi kati yenu awe na saa? Mwajiri. Kwa hiyo mwajiri yumo ndani ya stahili tangu mwanzo, hata Apache. Neno hilo la utawala wa wenye stahili, meritocracy kwa Kiingereza, limeshawatia watu wengi aibu. GitHub waliondoa zulia lililolitukuza ofisini kwao mwaka 2014, baada ya kuambiwa kwamba linawapa picha ya uwanja ulio sawa wakati hauko sawa. Mimi silikatai neno. Nakataa tu kuliona kama kinyume cha nguvu ya kampuni.

Na kuna siku mwajiri huingia kwa nguvu bila kubisha hodi. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa wa Kirusi yaliondolewa kwenye faili la watunzaji wa kernel ya Linux. Sababu iliyoelezwa ni masharti ya vikwazo, ambayo huangalia unaifanyia kazi kampuni gani, si msimbo wako ni mzuri kiasi gani. Miaka yao ya kazi haikufutwa kwenye historia ya hazina, ila haikuwalinda pia. Unaweza kuafiki au kupinga uamuzi ule, ila usiniambie tena kwamba mwajiri hahesabiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo swali lako halikuligusa, nami naliona kubwa kuliko watunzaji tisa. Msimbo wa chanzo huria unaweza kunakiliwa na yeyote. Kuna vitu havinakiliki: jina la mradi, anwani yake ya mtandaoni, funguo za kutia saini matoleo, akaunti ya mahali watu wanapopakua, na hakimiliki ikiwa wachangiaji waliikabidhi. Anayevishika hivyo ndiye mwenye kiwanja. Wengine wote, hata wawe na kura ngapi, wamejenga juu ya kiwanja cha mwenzao.

Tazama hifadhidata ya Redis. Mwanzilishi wake, Salvatore Sanfilippo, alipojiondoa 2020, mradi uliundiwa timu ya msingi ya watu 5, wakiwemo mmoja wa Amazon na mmoja wa Alibaba. Kwa nje ni mgawanyo wa kupendeza kabisa. Machi 2024 kampuni ya Redis ikatangaza kwamba matoleo yajayo yanaondoka kwenye leseni huria ya BSD. Huo haukuwa uamuzi wa kupigiwa kura na wale watano. Jina lilikuwa la kampuni, na leseni ya BSD inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuendelea nao chini ya masharti mengine. Siku chache baadaye wachangiaji wa nje walikuwa wameshajitenga na kuanzisha Valkey, chini ya Linux Foundation. Walichukua kila mstari wa msimbo. Jina waliliacha.

Wa Hudson, chombo cha kujenga na kupima programu, yaliwapata hayohayo mapema zaidi. Kohsuke Kawaguchi aliuanzisha akiwa Sun, Oracle wakainunua Sun, na ubishi juu ya hazina ihamie wapi ukageuka kuwa ubishi juu ya nani mwenye jina. Januari 2011 jumuiya ikapiga kura, 214 kwa 14, kubadili jina kuwa Jenkins. Leo Jenkins wanaijua wengi na Hudson imebaki historia, kwa hiyo unaweza kusema watu walishinda. Ni kweli. Lakini walilazimika kuliacha jina ndipo waweze kuondoka na kazi yao wenyewe.

Angalia pia ulichokisaini. Kama uliweka sahihi mkataba wa mchangiaji unaoipa kampuni ruhusa ya kutoa msimbo wako chini ya leseni yoyote itakayo, basi kampuni ina mlango ambao wewe huna. HashiCorp walikuwa na mkataba wa namna hiyo, na Agosti 2023 programu yao ya Terraform ikahamishwa kutoka leseni huria kwenda leseni yenye kizuizi cha biashara. Linux hawana mkataba kama huo. Tangu 2004 kila mchangiaji huweka mstari mmoja tu wa kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo anaoutoa, na hakimiliki hubaki mikononi mwa maelfu. Hakuna wa kuwakusanya wote wakubali kubadili leseni. Kutowezekana huko ni ulinzi kuliko kamati yoyote.

Nirudi kwenye "tumeshakubaliana vingine". Fanya jambo moja jioni moja tu. Fungua maombi ishirini ya mwisho ya kuingiza msimbo yaliyounganishwa, na kwa kila moja andika nani alileta, nani alikubali, na muda uliopita kati ya hayo mawili. Utakuta kitu kama hiki: ombi limefunguliwa saa 4:02 asubuhi, mistari 1,200, limekubaliwa saa 4:06, maoni ni neno moja, "safi". Hakuna binadamu anayesoma mistari 1,200 kwa dakika nne. Ilisomwa, ila kwingine: kwenye soga ya ndani, au kwenye kikao ambacho hukualikwa. Halafu angalia maombi ya watu wa nje. Kama yanakaa siku kumi na mbili huku yakirudishwa mara tatu, hapo umeona nguvu ya kampuni ilipo. Haiko kwenye saba kwa tisa. Iko kwenye dakika nne.

Na mara nyingi hawafanyi kwa ubaya. Watu wanaokaa chumba kimoja huongea. Dawa yake si kuwakataza kuongea, ni kuwalazimisha kuandika: pendekezo lolote kubwa liwekwe hadharani kabla ya msimbo, likae siku kadhaa, na anayelifunga la mwenzake aandike sababu ambayo mtu wa nje anaweza kuijibu. Kikao cha ndani kinaweza kutoa maoni, uamuzi utoke kwenye maandishi. Hili ni ombi dogo na ni gumu kulikataa mbele ya watu, ndiyo maana nalipenda.

Kuhusu wakfu, nitakuwa mfupi, kwa kuwa neno lenyewe linatisha kuliko lilivyo. Kwa sheria za Marekani, Apache imesajiliwa kama shirika la hisani, Linux Foundation kama umoja wa wafanyabiashara. Umoja wa wafanyabiashara upo kuwatumikia wanachama wake, na kampuni za daraja la juu hupata viti vya bodi kwa ada. Mwanzoni mwa 2016 wanachama binafsi wa Linux Foundation waliondolewa haki ya kuchagua wakurugenzi. Hilo halikuuua mradi wowote, kwa sababu bodi ile si inayoamua msimbo wa kernel. Vivyo hivyo kwenye CNCF, wakfu ulio chini ya Linux Foundation uliopokea Kubernetes kutoka Google: bodi ya wadhamini inashika fedha, na kamati ya ufundi iko mbali nayo. Kwa hiyo habari kwamba wadhamini watapata viti isikukoseshe usingizi mpaka ujue bodi hiyo inaamua nini. Ikiwa inaamua bajeti na mikutano, waache wakae. Ikiwa ndiyo inayoteua watunzaji, au ina sauti ya mwisho juu ya mwelekeo wa kiufundi, basi viti vya stahili vitakuwa vya kukalia tu.

Ulizia pia kama jina linakwenda pamoja na msimbo. Kampuni inaweza kukabidhi hazina kwa sherehe kubwa huku alama ya biashara ikibaki nyumbani, au ikienda kwingine. Mradi wa Istio ulikuwa hivyo kwa muda: Julai 2020 Google waliipeleka alama ya biashara yake kwenye chombo kipya, Open Usage Commons, na IBM, waliokuwa waanzilishi wenza, wakalalamika hadharani. Mradi uliingia CNCF mwaka 2022.

Je, ujitenge? Wewe peke yako, hapana. Nakala ya mtu mmoja haifiki mbali: mwezi wa kwanza unaifurahia, wa tatu unahangaika kuvuta marekebisho ya usalama kutoka kule ulikotoka. Io.js walijitenga na Node.js, chombo cha kuendesha programu za JavaScript, Desemba 2014 wakiilalamikia Joyent, kampuni iliyokuwa ikiushika mradi huo, na ndani ya mwaka mmoja pande zote mbili zilikuwa zimeungana chini ya wakfu, kwa sababu waliojitenga ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya kazi. Ukiwaza kujitenga, usihesabu wanaokupa pole. Hesabu wenye uwezo wa kutoa toleo na kujibu taarifa ya usalama usiku.

Kiti nacho usikiombe kwanza. Na hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu una nguvu ambayo nadhani hujaiona. Kampuni inayopeleka mradi kwenye wakfu huulizwa swali moja kila mara: kuna wachangiaji kutoka nje ya kampuni yenu? Apache huliangalia kabla mradi haujatoka kwenye hatua ya kulelewa. CNCF wamekuwa wakitaka mradi unaopandishwa daraja la mwisho uwe na watunzaji kutoka mashirika mawili au zaidi. Mwenye miaka mitatu ya mchango bila mshahara wao ni wewe. Wewe ndiye ushahidi utakaoandikwa kwenye fomu. Muda wa kudai masharti ni huu, kabla ya makabidhiano. Baada ya hapo utakuwa mlalamikaji kama wengine.

Kwa hiyo andika hadharani, kwa upole, na uulize mambo manne tu. Jina na funguo za kutia saini zinakwenda kwa nani. Mtunzaji akiacha kazi, kiti anabaki nacho au la. Kampuni moja itaruhusiwa viti vingapi kwenye kamati ya ufundi, na ikivuka kwa kununua kampuni nyingine itakuwaje. Na pendekezo likifungwa, sababu itaandikwa wapi. Usitaje mapendekezo yako mawili yaliyofungwa, hata kama yanakuuma, maana ukiyataja watajibu hayo na kuyaacha manne.

Jambo la mwisho. Watunzaji ni tisa, saba ni wa kampuni. Hao wawili waliobaki ni nani, na umewahi kuongea nao? Barua yako haikuwagusa kabisa. Mimi ningewaandikia hao leo, kabla sijamwandikia mtu mwingine.